Vinyago vya Mai Mahiu vina wenyewe

Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa wenye makuu, kwamba aliyekulea anakujua, kwa hiyo usijaribu kumtisha. Lakini msafiri anayeshuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, akasimama kwenye mojawapo ya vibanda vya mbao vilivyopangwa ukingoni mwa Bonde la Ufa, atatambua kwamba methali hiyo ina upande wa pili ambao walimu wetu hawakuugusa. Je, kinyago ambacho hukukichonga wewe, wala baba yako, wala mtu yeyote wa lugha yako, na ambacho hujui kilikusudiwa kazi gani, kinakutisha au hakikutishi? Na ikiwa unakiuza ili watoto wako wapate karo, unamwuzia mnunuzi kitu gani hasa?

Ninauliza maswali haya kwa sababu biashara ya sanaa za mikono katika mteremko ule imefikia njia panda. Mwezi Novemba mwaka 2025 serikali ilizindua upanuzi wa barabara kuu itokayo Rironi hadi Mau Summit, na katika mpango huo imo pia barabara ya Rironi kupitia Mai Mahiu hadi Naivasha. Vibanda vilivyo kando ya barabara hukaa pale kwa hisani ya barabara. Inapopanuliwa, huwa vya kwanza kuondoka, na mara nyingi mwenye kibanda hana karatasi ya kumwonyesha mtu. Mjadala unaosikika ni wa ardhi na fidia. Ni mjadala wa haki, nami siupingi. Hata hivyo, upo mjadala mwingine ulio chini ya huo, nao unahusu bidhaa yenyewe.

Hebu tutazame kwanza mahali penyewe. Jina Mai Mahiu ni la Kigikuyu na maana yake ni maji ya moto. Mji umekaa chini ya ukuta wa bonde, Longonot ikiwa upande mmoja na Suswa upande mwingine, mahali ambapo barabara inagawanyika, moja ikielekea Naivasha na nyingine Narok, hadi Maasai Mara. Watalii wengi waendao Mara kwa gari hupita hapo. Barabara ya mteremko ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nao mwaka 1942 wakajenga karibu na njia kanisa dogo ambalo hadi leo wasafiri husimama kulitazama. Juu yake, katika msitu wa ukingo, ipo Kijabe, ambako wamisheni wa Africa Inland Mission walipiga kambi mwaka 1903. Kwa hivyo eneo hili lilisikia mahubiri dhidi ya mambo ya jadi mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana, ulioigawanya jamii ya Wagikuyu baina ya waumini wa misheni na wale waliojitenga kuanzisha makanisa na shule zao, uliwaka katika milima hii hii.

Baina ya misheni iliyo juu na kanisa la mateka lililo chini, ndipo zinapouzwa sura za mizimu.

Ukiingia kibandani utakuta ngozi za kondoo na kofia za ngozi hiyo hiyo, maana ukingoni kuna baridi na watalii wengi hufika wamevaa vishati. Utakuta mawe laini ya Tabaka, kule Kisii, yaliyochongwa kuwa viboko, visahani na watu waliokumbatiana. Utakuta marungu, mikuki mifupi ya kuingia kwenye sanduku la safari, shuka nyekundu, shanga, na vibuyu. Kisha ukutani, juu kabisa, zimepangwa sura za mbao za kuvaa usoni: ndefu, zenye macho ya mfinyo, nyingine zina pembe, nyingine zimepakwa rangi nyeupe kama majivu. Mgeni akiuliza ni za nani, ataambiwa ni za Wamaasai. Akiuliza ni za kazi gani, ataambiwa ni za kufukuza pepo wabaya.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Wamaasai hawakuwa na mila ya kuvaa sura za mbao. Wagikuyu, ambao ndio wengi miongoni mwa wauzaji, hawakuwa nayo pia. Walichokuwa nacho ni ngao ndogo ya mbao iitwayo ndome, ambayo vijana waliivaa mkononi katika ngoma za kuelekea jandoni na ambayo ilipakwa nakshi nzuri mno. Lakini ndome huioni ukutani. Walikuwa pia na kibuyu cha gicandi, kilichochorwa alama ambazo mwimbaji alizifuata katika ngonjera za mafumbo, nacho hukioni. Sura zile zinazoning'inia pale asili yake ni kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ama Kongo, ama Afrika ya Magharibi, au hazina asili popote isipokuwa katika mawazo ya fundi aliyeambiwa kwamba mzungu hupenda kitu cha kutisha. Mwuzaji wa Kigikuyu, Mkristo wa ubatizo, anamwuzia mgeni dini asiyoijua, kwa jina la kabila lisilohusika. Kwa hakika, upagani wenyewe unaouzwa pale ni wa kubuni.

Simlaumu mwuzaji, na msomaji asidhani kwamba nimekuja kumtukana mtu anayesimama kwenye upepo mkali tangu alfajiri. Nataka tuelewe kwa nini amefikishwa hapo.

Neno lenyewe "mpagani" lililetwa na wamisheni. Pwani kulikuwa na neno jingine la zamani, "mshenzi", lililotumiwa kumtaja mtu wa bara asiyekuwa na Uislamu. Maneno yote mawili hayakuwa ya kueleza imani ya mtu. Yalikuwa ya kumweka nje ya ustaarabu. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha kitabu chake Facing Mount Kenya, na sehemu kubwa ya hoja yake ni kwamba Wagikuyu walikuwa na dini iliyokamilika, yenye Mungu mmoja, Ngai, na taratibu za sadaka chini ya mugumo. Mwaka 1969 Profesa John Mbiti alitoa African Religions and Philosophy, akadai vivyo hivyo kwa bara zima. Vitabu hivyo vilisomwa vyuoni. Lakini kijijini na kanisani neno lilibaki lile lile. Kibuyu cha babu kilichomwa moto au kikafichwa darini, na aliyekificha hakumwambia mjukuu. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925, tuliyorithi kwa mkoloni, ilifanya kosa kuwa na hirizi kwa nia ya kutia watu hofu au kuwadhuru. Na nani angejua nia ya mzee aliyekutwa na kibuyu cha kupigia ramli? Miaka ya karibuni kundi la Mungiki, lililopigwa marufuku mwaka 2002, lilitumia ugoro, viapo na maombi ya kuelekea mlimani, kisha likahusishwa na mauaji na unyang'anyi. Baada ya hapo, kijana wa Kigikuyu aliyeonekana na kifaa cha dini ya babu yake alijieleza kwanza kwa polisi kabla ya kumweleza mnunuzi.

Si ajabu basi kwamba mwuzaji wa Mai Mahiu anauza mizimu ya mbali. Ya kwao ina hatari na aibu. Ya mbali haina ndugu wa kuja kulalamika.

Lakini ndugu hao wapo, na mfano mchungu zaidi uko katika nchi yetu wenyewe. Wamijikenda wa pwani, hususan Wagiriama, huweka nguzo za mbao zilizochongwa, viitwavyo vigango, kwa ajili ya wazee waliofariki wakiwa wanachama wa chama cha Gohu. Kigango si pambo. Ni marehemu mwenyewe, huwekewa sadaka na hasogezwi. Kuanzia miaka ya sabini na themanini vigango viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vikavuka bahari hadi katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 mzee Kalume Mwakiru wa Kaloleni alipoteza viwili vyake, na akafariki bila kuviona tena. Kwa juhudi za watafiti Monica Udvardy na Linda Giles, waliotambua vitu hivyo kwa picha iliyopigwa kabla ya wizi, kimoja kilipatikana Illinois na kingine Virginia. Kile cha Illinois kilirudishwa kwa familia mwaka 2007. Baadaye, mwaka 2014, jumba la makumbusho la Denver lilikubali kurudisha vigango 30 kwa mkupuo.

Nakumbusha pia juu ya fimbo za Orkoiyot wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, ambazo kapteni Richard Meinertzhagen alizichukua alipomwua mwaka 1905. Zilikaa Uingereza miaka mia moja, na mwanawe ndiye aliyezirudisha mwaka 2006. Mtu asiyejua angeziona fimbo hizo akadhani ni za kuuzwa kwa watalii. Kwa Wanandi zilikuwa mamlaka.

Hapana shaka mtu atauliza: basi tufunge vibanda? La. Kosa la aliyeng'oa kigango halimwangukii anayeuza kiboko cha jiwe. Nia yangu katika kutaja mifano hii ni kuonyesha kwamba kuna mpaka kati ya kitu kilichotengenezwa ili kiuzwe na kitu kilichotengenezwa ili kiabudiwe, na kwamba biashara yetu imejengwa juu ya kuufuta mpaka huo. Mgeni hatoi pesa nyingi kwa kitu kipya. Hutoa pesa kwa kitu anachoamini kwamba kilitumiwa. Ndiyo maana sura ya mbao ya juzi hufukizwa moshi, hupakwa udongo, hukwanguliwa ukingo, mpaka iwe na uzee wa kutengenezwa. Ndiyo maana mti wa mjakaranda hupakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo. Mnunuzi asiyejua hufurahi, na siku atakapofuta vumbi kwa kitambaa chenye maji atajua.

Wapo watakaosema kwamba sanaa yoyote ya kuuziwa wageni ni ya uongo tangu mwanzo. Hilo nalo si kweli, na historia ya uchongaji wa Afrika Mashariki inalikanusha. Kwa Wakamba, uchongaji tuujuao leo husimuliwa kwamba ulianza na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa mafundi wa Kizaramo, akarudi na kuwafunza jamaa zake. Tangu mwanzo walichonga ili wauze. Kutokana na mkono wa mtu huyo mmoja vilizaliwa vyama vya ushirika vya Wamunyu na vya Changamwe, Mombasa, na maelfu ya familia zikasomesha watoto.

Kisa cha Wamakonde kina mafunzo zaidi. Katika miaka ya hamsini, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aitwaye Mohamed Peera alikuwa akinunua vinyago kwa wachongaji wahamiaji kutoka Msumbiji. Mmoja wao, Samaki Likankoa, akamletea kinyago cha umbo lisilo la kawaida, cha kiumbe aliyepinda, na Peera akamtia moyo aendelee. Hapo ndipo mtindo wa "shetani" unaojulikana dunia nzima ulipopata nguvu. Msomaji aone jambo hilo vizuri. Mashetani hayo hayakuwa sanamu za kuabudiwa tangu enzi za mababu. Yalikuwa mawazo ya msanii aliyejua hadithi za kwao, yakakutana na mfanyabiashara aliyejua soko. Ni sanaa ya kuuza, na ni sanaa ya kweli, kwa sababu aliyechonga alikuwa na jina, alijua anachokichonga, na aliyenunua alijua ni kazi ya nani. Huyu ndiye anayefaa methali yetu. Alichonga shetani wake mwenyewe, na hakumtisha.

Hata shanga za Wamaasai, ambazo ndizo sanaa ya jirani kabisa na Mai Mahiu, zina historia ya namna hiyo. Shanga zile ndogo za kioo zilitoka Venice na Bohemia kwa mikono ya wafanyabiashara. Hakuna mwanamke wa Suswa aliyezifinyanga. Lakini mwanamke huyo ndiye aliyezipa mpangilio, akazipa rangi maana, akajua lipi ni pambo la bibi arusi na lipi ni la ngoma tu. Mwulize akueleze, naye atakueleza bila kubuni. Na ukimwomba akuuzie kibuyu cha mawe ya ramli cha laiboni, enkidong, atakushangaa. Anaujua mpaka. Wala haujui kwa kusoma sheria. Anaujua kwa sababu kitu ni chake.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana walimu wa biashara hawatanisamehe nikiacha. Nitatumia tarakimu za mfano tu, wala si takwimu. Tuseme fundi wa Wamunyu ameuza kinyago kwa shilingi 400, kazi ya siku nzima na zaidi ukihesabu kukata, kuchonga, kupiga msasa na kupaka nta. Dalali akikusanya na kusafirisha, kinafika ukingoni kwa shilingi 800. Mwenye kibanda anataja 5,000, mgeni anataja 1,000, wanakutana 2,000. Lakini mgeni huyo hakujileta. Aliletwa na dereva wa gari la watalii, naye dereva, kwa desturi ya barabara ile, hupewa chake, tuseme 500. Mwenye kibanda amebaki na 700, na humo atoe leseni ya kaunti, kodi ya kibanda, mishahara, karatasi za kufungia, na siku nyingi ambazo gari halikusimama. Katika bei ya 2,000, aliyefikiri na kuchonga ana moja ya tano. Wala hakuna mtu katika mnyororo huo ambaye jina lake limeandikwa chini ya kinyago.

Biashara ya bidhaa isiyo na jina haina kinga. Kinyago cha kibanda hiki ni sawa na cha kibanda cha pili, kwa hiyo kilichobaki ni kushushiana bei na kumwongezea dereva. Mambo yakiharibika, yanaharibika kwa wote siku moja. Mwezi Machi mwaka 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Narok. Mwaka 2020 safari za ndege za kimataifa zilisimama kuanzia Machi hadi Agosti kwa ajili ya korona. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezibwa kwenye tuta la reli huko juu ya Kijabe ya Kale yalivunja, yakashuka na kufagia vijiji vya Mai Mahiu, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Katika misiba kama hiyo fundi mwenye jina angeweza kutafutwa na mnunuzi wake wa zamani, hata kwa barua au kwa simu. Asiye na jina alingoja gari.

Linganisha hali hiyo na kinachotokea ng'ambo. Huko Uingereza na Marekani wamezuka watu wanaojiita wapagani kwa hiari na kwa fahari. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, takriban watu 74,000 wa England na Wales walijiandikisha hivyo. Miongoni mwao wamo mafundi wadogo, mara nyingi mtu mmoja katika chumba kimoja, wanaotengeneza mishumaa, vikombe vya udongo, sanamu na mapambo ya ibada, na kuyauza sokoni au kwa njia ya intaneti. Soko maarufu la mtandaoni la Etsy lililazimika mwaka 2015 kuweka mpaka: kitu kinachoshikika mkononi kiuzwe, bali uganga na ahadi za kupata mpenzi visiuzwe. Mafundi hao wana matatizo yao ya bei na ushindani, na sisemi kwamba imani yao ni ya kuigwa. Ninachokiona ni kwamba wanauza vitu vya imani yao kwa watu wa imani yao. Mnunuzi akiuliza, "Hiki ni cha nini?", fundi hana haja ya kubuni. Sisi, ambao hesabu yetu ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya watu 300,000 wanaofuata dini za jadi, tunawauzia wageni dini isiyokuwa ya yeyote kati ya watu hao. Wao neno "mpagani" wameligeuza anwani ya duka; sisi tumelifanya kinyago cha kufunikia uso wa fundi.

Shule zinahusika, na ndiyo sababu nimeandika haya kwa walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unamtaka mtoto aumbe, achonge na asuke kwa vifaa vilivyo karibu naye. Ni jambo jema. Lakini mtoto akirudi nyumbani akasema wamefundishwa kutengeneza kinyago, wapo wazazi watakaosema shule inaleta mashetani. Mwalimu akikabiliwa na hayo huchagua njia rahisi: sanduku la karatasi likatwe matundu mawili, lipakwe rangi, liitwe sanaa ya Kiafrika. Basi. Mtoto amejifunza kitu kile kile kinachofanywa kibandani, yaani sura ya kutisha isiyo na mwenyewe.

Afadhali mwalimu huyo amwalike bibi anayejua kusuka kiondo, au fundi wa mawe, aeleze jina la kila kifaa, na aeleze pia ni kitu gani ambacho hatakitengeneza darasani na kwa nini. Mzazi Mkristo hawezi kuogopa maelezo ya kweli. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, alipochora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, alimchora Kristo katika mazingira ya Wagikuyu, na waumini wameendelea kusali mbele ya picha hizo. Alikuwa na ujasiri huo kwa kuwa aliwajua watu aliowachora na mlima uliokuwa nyuma yao.

Sheria nayo ipo, ila imelala. Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inadai kwamba jamii yenye mali hiyo itoe kibali kabla watu wengine hawajaitumia kibiashara, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutunza orodha. Kaunti ya Nakuru ina Wagikuyu, Wakalenjin, Wamaasai na makabila mengine mengi. Kazi ya kuandika ni vitu gani ni vya sokoni na ni vipi ni vya madhabahuni si ya kumwachia mwenye kibanda peke yake. Tena si kazi ya ofisi tu. Wazee wa jamii hizo wangali hai, wala si wote watakaokuwapo baada ya miaka kumi.

Narudi kwenye barabara. Ikiwa vibanda vitahamishwa, kuna haja gani ya kuvijenga upya kama vilivyokuwa, safu ya kuta zenye sura zile zile? Pale patakapotengwa kwa ajili ya wafanyabiashara, pawe na nafasi nyuma ya kila duka ambapo fundi ataketi na tezo yake au na shanga zake, mgeni amwone anavyofanya, na jina lake liandikwe chini ya kitu kabla hakijafungwa kwenye karatasi. Dereva apewe malipo yake hadharani, kwa kiwango kilichoandikwa ukutani. Kinyago kilichoigwa kwa Wamakonde kiitwe cha Kimakonde, na kilichobuniwa Wamunyu mwaka huu kiitwe cha Wamunyu cha mwaka huu. Baadhi ya wageni watapungua, yaani wale waliokuwa wakinunua pepo. Na labda kijana mmoja wa Mai Mahiu atakwenda kwa nyanya yake, akamwuliza kama darini bado kuna ndome, aitazame nakshi yake vizuri, kisha achonge yake mpya kwa ajili ya kuuza, na ile ya zamani airudishe darini.